Dawa si Nyanya

Najua ukilipata jarida letu utakimbilia kwanza ukurasa wa vichekesho na ule wa mafumbo. Hapana neno. Cheka kwanza, halafu urudi hapa tuzungumze, maana nina deni ambalo sharti nililipe mbele yenu nyote.

Deni lenyewe lilianza Ijumaa moja ya muhula wa pili, katika ukumbi wa maankuli, chama chetu kilipofanya mjadala. Hoja ilikuwa hii: "Dawa ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na mwenye kuitengeneza ana haki ya kuiuza kwa bei aipendayo." Mwalimu mlezi aligawa pande kwa vikaratasi, nami nikaokota upande wa kuunga mkono. Basi nikasimama, nikakohoa kidogo kama wafanyavyo wakubwa, nikaanza: "Mheshimiwa mwenyekiti, waamuzi waadilifu, mtunza saa, wapinzani wangu..." Nikasema dawa ni kama nyanya za sokoni. Mama mboga hamlazimishi mtu kununua. Bei ikikushinda, unapita; unakula sukuma wiki yako bila nyanya, na dunia haisimami. Lo! Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kura zilipohesabiwa, tulikuwa tumeshinda 61 kwa 38.

Jioni ile nilitembea kama jogoo. Lakini usiku taa zilipozimwa bwenini, usingizi ulinipaa. Nilimkumbuka baba mkubwa, ambaye simjui ila kwa picha moja iliyo ukutani kwetu. Nikamkumbuka na shangazi, ambaye hukosi kumwona hapa kila siku ya wazazi akiwa na kikapu cha chapati. Nikajiuliza: hivi zile nyanya zangu zingewafaa nini hawa wawili?

Baba yangu hapendi kuyasimulia mambo ya kaka yake. Lakini likizo iliyofuata nilimwomba, akanieleza tukiwa tumeketi nje jioni. Baba mkubwa alikuwa fundi wa baiskeli. Alianza kuugua mwaka wa 1999. Siku hizo Ukimwi haukutajwa mbele ya watu. Walisema tu "ule ugonjwa," wakainamisha macho. Mwaka wa 2000 daktari mmoja wa mjini alimwambia wazi kwamba dawa za kupunguza makali ya virusi zipo, tena zinafanya kazi. Tatizo ni bei. Wakauza ng'ombe wawili. Wakauza nusu ekari ya shamba. Pesa zote zile zikatosha dawa za miezi miwili.

"Na zilimsaidia?" nilimuuliza baba.

"Zilimsaidia sana," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Alianza kunenepa, akarudi kwenye kibanda chake, akawa anapiga mluzi akiziba pancha. Kisha pesa zikaisha."

Alizikwa Novemba mwaka huo huo.

Shangazi alipimwa mwaka wa 2006. Mwaka huo ndipo serikali ilipoondoa ada ya dawa hizo katika hospitali za umma. Hakuuza ng'ombe wala kuku. Leo anakunywa kidonge kimoja kwa siku, na huyu hapa bado anauza mitumba na kutuletea chapati. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari zake alicheka. "Andika, mwanangu," akaniambia. "Jina langu usiliweke, lakini waambie chapati ni zangu."

Ndugu wawili, tumbo moja, ugonjwa mmoja. Kilichowatenga ni miaka sita na bei. Basi likizo ile nzima nikawa natafuta jibu la swali moja: bei hiyo ilishuka vipi? Niliyoyapata ndiyo yaliyonifanya nijute kwa sababu ya makofi yenu.

Kabla sijaendelea, tusimwonee mtengeneza dawa. Kutafuta dawa mpya si mchezo wa bano. Watafiti hujaribu kemikali nyingi mno, na nyingi huishia kwenye pipa la taka. Zile chache zinazoonyesha matumaini hujaribiwa kwa wanyama, halafu kwa watu, na kazi hiyo huchukua miaka na fedha nyingi. Ndiyo maana kuna kitu kinachoitwa hataza. Hataza ni kibali cha serikali kinachomwambia mvumbuzi: "Kwa muda fulani ni wewe peke yako utakayekitengeneza na kukiuza kitu hiki. Mwingine akikiiga bila idhini yako, una haki ya kumshtaki." Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka wa 1995, ulisema muda huo usipungue miaka 20.

Hataza ikiisha, au mahali ambapo haipo, viwanda vingine vinaweza kutengeneza dawa ile ile na kuiuza bila jina la kampuni ya kwanza. Hizo huitwa dawa za jeneriki. Jambo hili si geni kwako. Ukiumwa na kichwa unaenda kemisti unaitisha Panadol. Panadol ni jina la kibiashara tu. Dawa iliyomo ndani ni paracetamol, na kidonge cha paracetamol kisicho na jina kubwa kitakutuliza kichwa vivyo hivyo kwa bei ndogo zaidi.

Haya basi, turudi kwenye ile bei. Mwaka wa 2000, mchanganyiko wa dawa tatu za kupunguza makali ya virusi ulimgharimu mgonjwa kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mwaka. Kwa pesa za Kenya za wakati huo, hiyo ni zaidi ya shilingi 700,000. Februari 2001, Yusuf Hamied, mkuu wa kampuni ya Cipla ya Mumbai, India, alitangaza kwamba angeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa namna hiyo kwa dola 350 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Ni kama shilingi 27,000. Dola 350! Hata dola moja kwa siku haifiki.

Aliwezaje? India ilikuwa na sheria ya mwaka wa 1970 iliyokataa kutoa hataza juu ya dawa yenyewe. Ilitoa juu ya njia ya kuitengeneza tu. Mhindi akipata njia nyingine ya kufikia dawa ile ile, ruhusa anayo. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka wa 2005, na chini ya kivuli chake viwanda vya India vikajifunza kutengeneza dawa kwa bei ambayo maskini anaweza kuitamka bila kulia.

Sasa fikiri nami kidogo. Ikiwa mtu anaweza kuuza kitu kwa dola 350, basi zile 10,000 hazikuwa gharama ya kemikali, umeme na mishahara ya kiwandani. Najua mpinzani wangu atainua mkono: "Mheshimiwa mwenyekiti, umesahau gharama ya utafiti!" Hoja hiyo niliitumia mwenyewe ile Ijumaa, na ina uzito. Lakini tuulize pia, huo utafiti ulilipiwa na nani?

Chukua dawa ya kwanza kabisa iliyoidhinishwa, AZT. Iliundwa mwaka wa 1964 na Jerome Horwitz, huko Detroit, Marekani, kwa fedha za utafiti za serikali. Alikuwa akitafuta dawa ya kansa. Haikufaa, akaiweka kando bila kuichukulia hataza. Miaka ya themanini, wanasayansi wa taasisi ya kansa ya serikali ya Marekani wakishirikiana na kampuni ya Burroughs Wellcome waligundua kwamba inazuia virusi vya Ukimwi. Kampuni ikachukua hataza. Dawa ilipoidhinishwa Machi 1987, bei yake ilikuwa kati ya dola 8,000 na 10,000 kwa mwaka. Sisemi kampuni haikufanya kazi. Ilifanya, na majaribio yana gharama. Nasema mlipa kodi alikuwa amechangia chungu hicho tangu kuni za kwanza, lakini chakula kilipoiva alipewa bei ya mgeni.

Dawa nyingine ni stavudine. Uwezo wake dhidi ya virusi ulionekana katika Chuo Kikuu cha Yale, kwenye maabara ya profesa William Prusoff, na chuo kikaikodisha hataza kwa kampuni ya Bristol-Myers Squibb. Mwanzoni mwa mwaka wa 2001, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikiomba chuo kiruhusu dawa hiyo ya bei nafuu iingie Afrika Kusini. Wanafunzi wa Yale walipopata habari, hawakungoja wazee waamue. Walikusanya sahihi, wakaandika barua. Profesa Prusoff mwenyewe, mzee aliyekuwa amepata tunu ya fedha kutokana na uvumbuzi huo, akasimama upande wao. Machi 2001, kampuni ikatangaza kwamba haitaidai hataza yake huko Afrika Kusini, na ikapunguza bei. Wanafunzi, jamani! Watu wenye mitihani na madeni ya karo kama sisi.

Afrika Kusini nako moto ulikuwa unawaka. Mwaka wa 1997, wakati wa Rais Nelson Mandela, nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuiwezesha serikali kutafuta dawa za bei nafuu. Mwaka uliofuata kampuni za dawa zikaishtaki serikali. Kesi ilipoanza kusikizwa Pretoria Machi 2001, walalamishi walikuwa kampuni 39. Hebu piga picha: kampuni 39 upande mmoja, na upande wa pili nchi yenye mamilioni ya watu walioambukizwa. Lakini kundi la wananchi la Treatment Action Campaign liliingia kortini na barabarani, na dunia nzima ikaanza kutazama. Tarehe 19 Aprili 2001, kampuni hizo ziliiondoa kesi. Hazikushindwa kwa hukumu. Zilishindwa kwa aibu.

Na kwetu Kenya je? Usidhani tulikuwa watazamaji. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Magazeti ya wakati huo yaliandika kwamba Wakenya wapatao 700 walikuwa wakifa kila siku. Mia saba! Hiyo ni shule kama yetu, kila kulipokucha. Juni 2001 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani, iliyofungua mlango wa kuagiza dawa kutoka nchi zinakouzwa kihalali kwa bei nafuu. Novemba mwaka huo huo, mawaziri wa nchi za Shirika la Biashara Duniani walikutana Doha, wakakubaliana kwamba ule mkataba wa hataza hauwezi kuizuia nchi kulinda afya ya watu wake.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha. La hasha! Mwaka wa 2002, kupitia mswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, yaliingizwa maneno ya kumtaka mwagizaji apate kwanza idhini ya mwenye hataza. Maneno machache tu, lakini yalitosha kuurudisha mlango. Ni kama kumwambia panya akaombe ruhusa kwa paka. Watetezi wa wagonjwa waliyaona, wakapiga kelele, na maneno hayo yakaondolewa.

Kisha ikaja Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka wa 2008. Nia yake kwa jumla ilikuwa njema, maana nani anataka kuuziwa chaki akidhani ni dawa? Lakini maana ya neno "ghushi" iliandikwa kama wavu wa omena, haikuacha kitu kupita. Dawa halali ya jeneriki, nzima, yenye nguvu zake zote, ingeweza kunaswa humo na kushikwa bandarini. Mwaka wa 2009 Wakenya watatu wanaoishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu. Walisema: dawa hizi zikizuiwa, sisi tutakufa. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vilitishia haki yao ya kuishi, haki ya utu na haki ya afya, ambazo zimeandikwa katika Katiba yetu ya mwaka wa 2010. Haki ya mwenye hataza, kwa maneno mengine, haiwezi kutangulia uhai wa mgonjwa.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro ya nyanya zangu. Mnunuzi wa nyanya anaweza kupita. Mgonjwa hawezi. Mnunuzi wa nyanya huibinya, akaijua iliyooza. Mgonjwa hawezi kukibinya kidonge akajua kilichomo. Mama mboga akipandisha bei, jirani yake ana nyanya pia; mwenye hataza hana jirani, kwa kuwa sheria yenyewe imemfukuzia majirani. Sasa kama sheria imempa mtu mmoja soko zima, si haki sheria hiyo hiyo imwekee mipaka?

Tena kuna jambo ambalo sokoni halipo. Nyanya hulimwa ajili ya yeyote mwenye njaa na sarafu. Dawa hutafutwa mahali penye faida. Ugonjwa wa watu maskini unaweza kuwa na dawa, na dawa hiyo ikaachwa. Mfano ni malale, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kuna dawa iitwayo eflornithine iliyoweza kumwamsha mgonjwa aliyekwisha kukatiwa tamaa katika ule malale wa Kongo na kaskazini magharibi mwa Uganda. Watu waliiita dawa ya ufufuo. Katikati ya miaka ya tisini utengenezaji wake kwa ajili ya malale ulisimamishwa, kwani wagonjwa hawakuwa na pesa. Halafu ikagunduliwa kwamba dawa hiyo hiyo, ikiwa mafuta ya kupaka, hupunguza nywele usoni mwa wanawake. Mwaka wa 2000 mafuta hayo yakaidhinishwa Marekani, na dawa ikapata uhai mpya. Mwaka wa 2001, baada ya Shirika la Afya Duniani na Madaktari Wasio na Mipaka kushinikiza, kampuni ya Aventis ilikubali kuitoa bure kwa wagonjwa wa malale. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ilibidi ndevu za tajiri ziote ili mgonjwa wa kijijini akumbukwe.

Lakini tusikate tamaa, maana hata hapa pana habari njema na Kenya imo. Mwaka wa 2003 taasisi yetu ya KEMRI ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa DNDi, shirika la kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa. Halikuanzishwa kwa ajili ya faida. Likishirikiana na kampuni ya Sanofi, lilileta fexinidazole, vidonge vya malale vya kumeza tu, ambavyo wakaguzi wa Ulaya walivikubali Novemba 2018. Na kampuni ya Merck tangu mwaka wa 1987 imekuwa ikitoa bure dawa ya upofu wa mtoni, ule unaoletwa na wadudu wa kwenye mito. Kwa hiyo nisimpake kila mmoja matope. Mtu anaweza kutafuta faida na akabaki na utu. Ila utu wa hiari ni kama mvua ya kiangazi; ukinyesha tushukuru, lakini mkulima hapandi kwa kuutegemea. Sheria ndiyo mfereji.

Sasa niseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Nyani haoni kundule. Ni rahisi kuzilaumu kampuni za ng'ambo na kuwasahau wa hapa hapa nyumbani. Mwaka jana nilishikwa na kikohozi. Nikaingia kemisti moja mjini nikiwa na shilingi 40 mfukoni. Mwenye duka hakuniuliza cheti cha daktari wala hakunipima. "Una ngapi?" akauliza. Nikamwambia. Akanikatia vidonge vinne vya antibayotiki, akavitia kwenye kikaratasi, akasema, "Kunywa, utakuwa sawa." Vidonge vinne! Kumbe dawa ya aina ile hunywewa hadi siku alizoandika daktari ziishe, na ukiikatiza unawapa vijidudu nafasi ya kuizoea, siku nyingine isikusaidie wewe wala jirani yako. Yule bwana alipata shilingi 40 zake. Hasara tukagawana sisi wote. Tamaa yake na ile ya dola 10,000 ni mtu na kaka yake. Tofauti ni umri tu.

Basi tufanyeje? Mimi si mbunge wala daktari, lakini nina maoni matatu.

La kwanza, tuilinde sheria. Mmeona wenyewe: mlango uliofunguliwa mwaka wa 2001 nusura ufungwe mwaka wa 2002, tena mwaka wa 2008. Hakuna aliyekuja na bunduki. Walikuja na aya ndogo ndani ya karatasi nyingi. Na waliouokoa mlango huo ni watu waliosoma karatasi hizo. Mwenzangu unayesema ati Kiswahili na historia hazina kazi, jua kwamba siku moja uhai wa shangazi yako unaweza kutegemea mtu mmoja aliyesoma kifungu hadi mwisho.

La pili, tutengeneze dawa zetu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, shangazi alimpigia baba simu usiku akiuliza kama dawa zitakuwepo mwezi ujao. Sauti ile sijaisahau. Ukiegemea ukuta wa jirani, usishangae siku anapoubomoa. Lakini mwaka huo huo wa 2025, Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria ulinunua dawa za virusi zilizotengenezwa na kampuni ya Universal Corporation ya Kikuyu, hapa Kenya, zikapelekwa Msumbiji. Kumbe tunaweza! Mchanganyiko unaotumika sana leo ulishuka mwaka wa 2023 hadi chini ya dola 45 kwa mgonjwa kwa mwaka, kama shilingi 6,000. Baba mkubwa aliuza shamba ili apate miezi miwili. Leo kwa ng'ombe mmoja angelipata miaka.

La tatu, tuwe macho kwa dawa zinazokuja. Juni 2025 Marekani iliidhinisha lenacapavir, sindano inayodungwa mara mbili kwa mwaka kumkinga mtu asiambukizwe virusi. Bei yake huko ilipoidhinishwa ilikuwa dola 28,218 kwa mwaka. Safari hii mwenye hataza, kampuni ya Gilead, alikwisha kutoa idhini mwaka wa 2024 kwa viwanda sita kutengeneza za jeneriki kwa ajili ya nchi 120, na Kenya imo. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba zitauzwa kwa kama dola 40 kwa mwaka, kuanzia mwaka wa 2027. Nasema heko! Lakini Brazili haimo katika orodha ile, na wagonjwa wa Brazili wana damu kama yangu. Orodha ikiandikwa na mwenye mali, yeye ndiye huchagua nani aingie. Ndiyo maana sipendi tulale.

Msomaji wangu, nakaribia mwisho, kengele ya preps imekwisha kulia. Ijumaa ile niliwaambia kwamba bei ikikushinda, unapita. Baba mkubwa bei ilimshinda, na kweli alipita. Sikulifikiri neno lile nilipolitamka, na ninyi hamkulifikiri mlipopiga makofi.

Kwa hiyo namwomba mwenyekiti wa chama, kwa heshima na taadhima, alete hoja ile tena muhula ujao. Safari hii sitaokota kikaratasi. Nitakaa upande wa wapinzani, na kura yangu ihesabiwe huko: 60 kwa 39. Bado tutashindwa, najua. Lakini siku ya wazazi shangazi akija na kikapu chake, nitaweza kumtazama machoni na kula chapati bila deni.